Nilikwenda Kutafuta Muhuri Tu

Ijumaa, jioni. Wingu zito limeifunika Mbagala tangu asubuhi; mvua haishuki wala joto halipungui. Nimeketi sebuleni, mlango nimeuacha wazi ili nimwone kila anayeingia uani.

Kesho asubuhi, mbele ya mjumbe wetu wa nyumba kumi na wazee wawili wa upande wa mume wangu, ninatarajiwa kusaini makubaliano ya kutengana.

Makubaliano hayo niliyaandika mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita Baba Neema alinieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba ndoa yetu imemchosha. Mimi nilikuwa sijachoka. Akasema hapendi tupelekane mahakamani kama watu wasio na adabu; mambo haya huandikwa nyumbani, wazee wakashuhudia, yakaisha. Kisha akanitazama, akasema, "Andika wewe, Mama Neema. Mtaa huu nani anakuzidi kuandika?"

Sifa ile ilinifurahisha. Hapa ninapoandika, ambapo hakuna anayenifahamu kwa jina, naweza kusema hivyo.

Sikusomea sheria. Nilijifunza kwa kusoma matangazo ya mahakama magazetini na kuyanakili, hadi nikafahamu mahali panapostahili "hivyo basi" na mahali panapostahili "kwa heshima na taadhima". Barua iliyosababisha mtaro wetu uzibuliwe niliiandika mimi. Majirani hunijia na malalamiko yao wakiwa wamekasirika, na huondoka nayo yakiwa yamenyooka. Nilijiambia kwamba mtu anayeweza kuwasemea wengine hashindwi kujisemea mwenyewe.

Basi niliandika aya saba. Niliandika kwamba mke atahamia kwa kaka yake anayeishi Kipawa, kwa hiari yake, ili kudumisha utulivu wa pande zote mbili. Niliandika kwamba masuala ya mali yatazungumzwa hapo baadaye kwa nia njema. Baba Neema alisoma mara mbili na hakubadilisha hata neno. Alichotaka ni kitu kimoja tu: muhuri wa wakili, ili pasitokee mtu wa kuyapinga.

Leo asubuhi niliifuata ofisi moja inayotoa msaada wa kisheria. Sikwenda kuomba ushauri. Huku kwetu wakili huendewa mwishoni, mambo yakiwa yamekwisha, agonge muhuri na kusaini.

Wakili alikuwa binti wa umri wa Neema wangu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasoma. Muhuri ulikuwa mezani, karibu na mkono wake. Hakuugusa.

"Nani ameandika hii, mama?"

Nilimjibu kwamba ni mimi, na nadhani nilikaa wima zaidi.

"Kiswahili chako kizuri mno," akasema. "Sasa nionyeshe mahali ambapo wewe unapata kitu. Usijibu haraka. Soma."

Nikasoma. Nilipita aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya saba nilirudi mwanzo, kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba yake. Nilijikuta naondoka, naridhia, natunza amani, nasubiri. Sikujikuta napata.

Binti yule hakucheka. Aliniuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Nikamwambia karatasi ya mauziano ina jina la mume wangu peke yake, na hati miliki hatujawahi kupata. Lakini nyumba tuliijenga wote, na biashara yangu ya vitenge ndiyo iliyoipaua. Akauliza kama kuna wageni waliokuja kuitazama nyumba siku hizi.

Nilitaka kusema hapana.

Kisha nikawakumbuka wanaume wawili wa wiki iliyopita. Baba Neema alisema ni mafundi, wamekuja kuangalia paa. Walizunguka uani, wakapima kwa hatua kutoka ukutani hadi barabarani, wakauliza gari kubwa linafika wapi. Juu hawakutazama hata mara moja. Niliwapa maji ya kunywa.

Nilimsimulia binti yule hayo yote.

Alinieleza taratibu, nami niliandika. Kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, awe na jina kwenye karatasi au asiwe nalo. Kwamba nikihama kwa hiari na kusaini hivyo, nitakuwa nimemrahisishia kazi anayetaka kuuza, na baadaye nitahangaika kuthibitisha kilichokuwa wazi. Kwamba ndoa haivunjwi kwa mjumbe: huanzia baraza la usuluhishi la kata, likishindwa ndipo mahakama, nayo ndiyo hugawa mali. Aliniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama napigwa, kwa sababu anayepigwa hashauriwi kukaa. Nilimjibu sipigwi. Akasema, "Basi usitoke kwanza. Ungekuja Jumatatu, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Tuliandika barua ya kupinga mauzo yoyote, ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa, maana mauzo ya viwanja visivyo na hati hushuhudiwa pale. Ilikuwa na mistari michache tu. Niliomba kuongeza aya ya utangulizi, alinikatalia.

Mtendaji wa mtaa aliipokea, akasaini nakala yangu. Akasema kuna mtu alikuja juzi kuulizia namna ya kuandikishana pale nyumba inapouzwa. Hakumtaja, nami sikumuuliza.

Baba Neema alirejea saa moja iliyopita. Aliuliza karatasi iko wapi. Nilikuwa nimetunga jibu refu lenye mpangilio, lote likanitoka.

"Sisaini kesho," nikamwambia. "Na sihami. Mtaa wana barua yangu."

"Nani amekujaza maneno?"

"Nilikwenda kwa wakili, ulikonituma."

Hakupaza sauti. Alisimama pale mlangoni, akatoa simu, akatoka nayo hadi barabarani. Nilimsikia akimwambia mtu asubiri kwanza, kuna jambo dogo. Hadi sasa hajarudi, na kila mlio wa geti la jirani unanishtua.

Begi langu lilikuwa limefungwa tangu Jumatano, nyuma ya mlango wa chumbani. Nimelifungua. Nguo zimerudi kabatini, moja moja.

Ninaogopa. Wazee watakuja kesho wakitarajia saini, na watakuta mwanamke mkaidi. Baraza la kata sijui litachukua muda gani, wala sijui mahakama itasema nini. Najiuliza pia: kama Baba Neema asingetaka muhuri, ningemfuata nani?

Kesho nitawahi kuamka, nichemshe chai ya wazee. Nitawakaribisha sebuleni, maana hapa ni kwangu.