Kopo Moja, Kilo Moja

Mishkhab, Jumatatu

Kwa dada yangu mpendwa Sajida,

Baada ya salamu nyingi, natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Basra, na kwamba kile kikohozi cha Rihab kimetulia. Mwili wangu mzima. Mama naye anakula na kulala, na ukimwona kwa mbali utasema hana neno.

Umeniuliza kwa nini mama, Umm Ghazwan kama watu wote wamwitavyo, hapiki tena katika ukumbi wa matanga, alikopika kwa miaka thelathini. Umeambiwa kwamba amezeeka. Usilikubali hilo kabla ya kuimaliza barua hii.

Msimamizi mpya wa ukumbi, Haji Mutashar, alileta mizani na kuamuru kwamba mchele utolewe ghalani kwa kilo. Mama, kama ujuavyo, hupima kwa kopo lake la samli tu: makopo sitini ya mchele kwa makopo tisini ya maji. Akaniuliza kopo moja ni kilo ngapi. Nikaenda kupima, nikarudi na jibu: kilo moja kamili. Alisita, akasema kwamba mkononi mwake kopo la mchele ni jepesi kidogo kuliko hapo. Nami, mwenye shahada ya falsafa na kabati zima la vitabu, nikamhutubia juu ya tofauti ya hisia na maarifa mpaka akaniomba radhi.

Ikaja siku ya tatu ya matanga ya Sheikh Farhud. Mama aliomba kilo sitini, akapewa. Mchele ulipoanza kuchemka, alichungulia sufuria akasema umepanda mno, maji hayatoshi, aongeze kidogo. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nikamkataza. Nikamwambia hesabu haina macho, basi asiitazame kwa macho.

Wali ulitoka na viini vibichi. Sinia zilirudi zimejaa. Mzee mmoja alisema, wote wakisikia, kwamba wali wa Umm Ghazwan ungepakiwa kwenye bunduki usingebaki bata hata mmoja kinamasini. Walicheka matangani, dada. Haji Mutashar akamwambia mama kwa upole kwamba umri ni umri, akapumzike.

Sasa nisikie. Siku ile ya kupima, ghala lilikuwa limefungwa, nami niliona uvivu kwenda kuomba ufunguo. Nilijaza kopo maji ya bomba nikayapima hayo. Wiki moja baada ya matanga ndipo nilipopima mchele: gramu mia nane na arobaini. Sufuriani tulikuwa tumezidisha makopo kumi na moja kwa maji yale yale.

Nilinyamaza siku arobaini. Juzi nikamwambia mama kila kitu. Alinisikiliza, akatabasamu, akasema niache kumbembeleza kama mtoto. Mtu aliyesoma kama mimi hawezi kukosea kilo, ni mkono wake ndio uliokwisha. Nilibisha. Unajua ninavyojua kubisha. Nilimletea kopo na mizani. Akageuza uso, akasema nisimchoshe.

Sasa kila adhuhuri huniita jikoni, husimama kando ya sufuria ya watu wawili, na hungoja nimwambie maji kiasi gani. Nami humwambia.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama anakusalimu sana.

Ni mimi nduguyo,
Ghazwan