Uzi wa Bluu Kwenye Mwamba wa Mama

Dada yangu Zaina,

Kariakoo ni ileile: jua, kelele, na watu wanaokukanyaga kisha wanakuuliza kama huoni. Mimi mzima. Kibanda changu cha supu ya pweza kipo palepale kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu, na vijana wa mizigo bado wananitania kwamba siku nikiacha kupika, wake zao wataandamana. Nimeanza na utani kwa sababu ninalotaka kukuambia limenikaa kooni mwaka wa saba huu, na wewe unanijua. Nikiogopa, nachekesha.

Naliandika hadharani, watu wote wasome, kwa sababu uliyemlaumu ulimlaumu hadharani. Majirani wa kule nyumbani Kigamboni walisikia kila neno. Basi na hili nalo walisikie.

Unakumbuka siku za bamvua, Mama anaingia chumbani na fimbo yake ya kuchokolea pweza, anatugonga nyayo? Maji yalikuwa yanatoka mpaka mwamba unabaki wazi, na wanawake wa mtaa mzima wanashuka na ndoo kuokota kombe. Wewe ulibeba ndoo, mimi nilibeba malalamiko. Jua kali, miamba inakata, tumbo linauma. Mama hakunijibu hata siku moja. Alikuwa anaangalia chini, anatembea kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Na kweli palikuwa kwake. Bibi alimwachia mashimo ya pweza kama wengine wanavyoachiana minazi. Hayakuandikwa popote, na kuyawekea alama kulikuwa mwiko mkubwa. Ulipelekwa kwa miguu, ukaonyeshwa maganda ya kaa na kombe ambayo pweza huyatupa mlangoni mwake, ukaingiza fimbo mwenyewe, na kuanzia hapo shimo ulitakiwa kulibeba kichwani. Ukishamtoa pweza, jiwe huligusi. Shimo likibaki zima, mwingine atahamia.

"Pweza ni mpangaji," Mama alikuwa akisema. "Ukibomoa nyumba, utampangisha nani?"

Wewe ulikuwa na mashimo kumi na saba kichwani kabla hujavunja ungo. Mimi nilikuwa na matatu, na mojawapo sikuwa na hakika nalo. Nilipoolewa Kariakoo nikapumua. Nikawa mtu wa mjini, mwanamke wa kupika pweza waliokwishatolewa na wenzake. Kila ulipovuka na pantoni kuniletea ndoo, nilikuwa nakupokea kwa maneno mengi ili usione ninavyoona haya.

Kisha Mama akafa. Bamvua ya kwanza baada ya msiba uliniita nyumbani, ukanishika mkono ukanizungusha mwamba wote. Ulinionyesha yote kumi na saba. Ulisema ni ya kwetu sote wawili, hata kama mmoja anakaa Kariakoo. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile, na sijui kama nilikwambia ahsante.

Tulipofika ufukweni ukaniuliza, "Umeyashika?"

"Yote," nikasema. "Na wewe dada! Mimi mtoto mdogo?"

Nilikuwa sijashika hata nusu, Zaina.

Kesho yake uliamka na homa. Mimi nilikaa nakuandalia uji huku mashimo yananitoka kichwani, moja baada ya jingine, nikawaza kwamba mwaka kesho utaniuliza tena, na mbele yako nitazunguka mwambani kama mgeni. Mama ana wiki tatu kaburini, na mimi tayari nimempoteza mara ya pili. Nikafanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa na Mama hakupaswa hata kuliota. Barazani palikuwa na mfuko wa shemeji Hamisi, mumeo, wenye nyuzi zake za kushonea nyavu. Nikakata uzi wa bluu, nikashuka mwambani peke yangu, na kila nilipolikumbuka shimo nikafunga kipande kwenye jiwe lililo jirani nalo. Nilikumbuka kumi na moja. Nilipanga kurudi kesho yake niyapitie tena mpaka yaniingie, kisha nivifungue vyote.

Kesho yake nililala nimechoka. Nilipoamka, maji yalikuwa yamesharudi.

Siku iliyofuata wakashuka vijana wasio wa pwani yetu, wana nondo mikononi. Hawakuhitaji kumtafuta pweza. Walifuata uzi, wakavunja miamba, wakawachukua wakubwa kwa wadogo. Wewe ulipopata nafuu ukaenda kuangalia, ukarudi na ndoo tupu na vipande vya uzi wa bluu kiganjani.

Shemeji alikuwa ameketi barazani anashona wavu, na wavu ule ulikuwa na uzi uleule. Ulimtupia vile vipande mapajani. Ulimwambia amewaonyesha wenzake urithi wa mama yako kabla hata arobaini haijafika. Ulimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa, maana wanaosoma wana watoto.

Alivitazama vile vipande. Akainua macho akanitazama mimi, niliyesimama mlangoni nimejifunga khanga ya Mama. Kisha akasema, "Uzi ni wangu."

Wewe ulisikia mtu anakiri. Mimi nilikaa kimya.

Wiki ile ile ukapanda basi kwenda Kilwa kwa Mama Mdogo, na hujarudi. Hukudai talaka, naye hakuiandika. Mwambani hukukanyaga tena, kule wala huku. Nasikia mihogo yako ya kukaanga inasifiwa, nami nafurahi, lakini nikiwaza kwamba mikono iliyoujua mwamba mzima sasa inamenya mihogo, chakula kinanishinda.

Mwezi uliopita nilikwenda Feri, soko la samaki, kununua pweza wa biashara. Shemeji haendi tena baharini, siku hizi anapara samaki wa wateja pale kwenye meza za saruji. Miaka yote hii nilikuwa napita meza ya mbali ili nisimwone. Siku hiyo foleni ilinisukuma mpaka mbele yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Supu inatoka?"

"Inatoka." Nikapiga moyo konde. "Shemeji, ule uzi..."

"Najua," akasema, kisu hakijasimama. "Nilikuona asubuhi ile ukifungua mfuko wangu. Nikajua unataka kufungia mzigo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Mama yenu ndiyo kwanza kazikwa. Zaina kabaki na wewe tu." Akanikatia pweza mnyiri kwa mnyiri, ametulia. "Mume anapatikana, shemeji. Ndugu wa tumbo moja angempata wapi?"

Kisha akaniuliza kama nataka vipande vikubwa au vidogo.

Nililia pale pale, dada, mbele ya wachuuzi. Mama mmoja akadhani nimeibiwa. Shemeji akanipa kitambaa chake cha kufutia mikono, kinanuka samaki, nikajifutia uso wote. Hajaoa mke mwingine. Sikumuuliza sababu, na yeye hakunieleza.

Tangu siku ile nimejaribu kukwambia. Kila Ijumaa ukinipigia nasema leo, kisha unaniuliza habari za mguu wangu, unanihimiza ninywe dawa, na mdomo unakuwa mzito. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka saba, na matunda yake ni haya: dada yangu yuko peke yake Kilwa, na mwanaume asiye na kosa anapara samaki wa watu huku majirani wakimwita mwizi wa mashimo. Alinilinda ili usinipoteze, nami nikajilinda kwa kujificha nyuma yake, nikamwacha abebe peke yake. Tofauti ya mambo hayo mawili nimeielewa ukubwani.

Siombi unisamehe upesi. Ukikasirika, kasirika na mtu anayestahili. Ukitaka kunitukana barazani, nitavuka nije nikae palepale alipokaa yeye, na majirani uwaite.

Jambo moja tu nalo ulijue. Nilifunga uzi kwenye mashimo kumi na moja. Sita sikuyakumbuka, na niliyoyasahau hakuna aliyeyavunja. Nimeuzunguka mwamba ule bamvua hii iliyopita na sikuliona hata moja. Katika ukoo wetu, katika dunia nzima, aliyebaki anayeyajua ni wewe.

Lakini hilo liwe la baadaye. Shemeji humaliza kazi baada ya adhuhuri, ananawa, anakaa kwenye kivuli nyuma ya soko na simu yake mapajani. Namba yake ni ileile uliyokuwa nayo.

Ijumaa hii usinipigie mimi.

Mdogo wako