Pacha Mmoja Mmoja

Nchelenge, Alhamisi, Agosti 1997. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, lakini leo hakuna cha kuniudhi.

Nina furaha mpaka chakula hakipiti!

Ngoja nianze vizuri. Kliniki walitaka mtu wa kuwatafsiria wanawake wa Kiswahili wanaovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, maana manesi wa hapa Zambia wanajua Kibemba na Kiingereza tu. Nilijaribiwa kusoma Kiingereza mwezi uliopita nikaanguka vibaya. Thirty na thirsty, quiet na quite, hata chicken na kitchen: nikiona moja, mwenzake anarukia mdomoni. Sista, nesi mkuu, akasema atanijaribu mara moja tu tena. Nililia njia nzima.

Kosa langu nimelijua juzi juzi. Mimi ni mama wa mapacha, Kyungu na Kabange, na kwetu pacha mmoja hasalimiwi peke yake. Ukimpa Kyungu samaki, mpe na Kabange, la sivyo unakaribisha balaa. Basi na maneno nikayalea hivyo hivyo, mawili mawili, siku zote pamoja. Mjinga mimi!

Kisha Kabange akaenda na baba yake kisiwani Chisenga. Majirani wakamzoea Kyungu peke yake, na Kabange aliporudi hakuna aliyewachanganya tena. Hata Mama Ilunga wa nyumba ya pili, bingwa wa kukosea, alicheka kwamba sasa anawatambua: "Sasa minabajua! Huyu njo Kyungu, ule njo Kabange."

Nikashika hapo hapo. Nikamchukua quiet peke yake, nikashinda naye sokoni na kanisani mpaka nikamzoea. Mwenzake, quite, nikamfungia nje mpaka zamu yake, na jozi nyingine vivyo hivyo. Nilihisi kama namtenga mtoto wa watu, lakini nilikaza moyo.

Leo Sista alinionyesha mabango ya Kiingereza ya ukutani, moja baada ya jingine, nami nikayaeleza yote. Hakutabasamu, yule mama hana mchezo. Alifungua mlango tu, akamwita mgonjwa wa kwanza, msichana wa Kilwa mwenye mtoto anayeharisha. Nikatafsiri yote: dawa ipi, maji kiasi gani, arudi lini.

Msichana alipoinuka alinishika mkono. "Mama, na kesho utakuwa hapa?"

Nikajibu ndiyo kabla sijapewa ruhusa na mtu.

Nikamtazama Sista. Naye akanitazama, kisha akaniambia nimwite mgonjwa wa pili.