Herufi Tulizozikariri

Kibanda cha Miwani,
Mkabala na Duka la Dawa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu Honi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko mzigo wowote uliowahi kupakia kwenye hilo lori lako. Hujambo wewe? Shemeji mzima? Na watoto, bado wanakula kama wako kwenye mashindano? Mgongo wako je, umepoa au bado unakisingizia kiti? Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa, jana kanisema kutwa.

Najua unajiuliza, huyu mdogo wangu aliyeishia darasa la nne kalamu kaipata wapi, simu si ipo? Ipo. Lakini kwenye simu nikianza tu utacheka, utasema mtandao mbaya, utakata. Barua haikatwi. Kwa hiyo kaa chini usome. Kama uko kwenye lori, zima kwanza.

Kaka, naogopa. Mimi Dokta wa Ukutani, ninayetania mpaka msibani, naogopa.

Kibanda changu unakijua. Miwani zimening'inia ukutani, meza moja, kioo, na ile karatasi ya herufi niliyoitoa kopi. Mteja anasimama kwenye mstari wa chaki, anasoma, anajaribu miwani, anasoma tena, anaondoka anachekelea. Miaka tisa nafanya hivyo. Sasa wiki tatu zilizopita akaja jirani yangu, fundi viatu. Alikuta watu sita mbele yake, akakaa kwenye benchi kusubiri. Zamu yake ilipofika, akaipa ile karatasi mgongo, akanikodolea mimi macho, akaisoma yote mpaka mstari wa chini.

"Dokta," akasema, "hapo umenipima macho au masikio?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. "We fundi, rudi kwenye soli zako, usinifukuzie wateja!"

Lakini lile swali halikuondoka naye. Fundi kasikiliza watu sita tu, karatasi yote kaimeza. Mimi je, niliyesikiliza miaka tisa? Kila nilipojipima nilisoma mpaka chini, najisifu nina macho ya mwewe. Nilikuwa nasoma nini, kaka, kama herufi zenyewe naweza kuzitaja nikiwa usingizini?

Wateja walipopungua nikachukua kile kikaratasi cha maelezo kinachokaa ndani ya boksi la dawa, kitu ambacho sijawahi kukisoma. Nikaziba jicho la kushoto, nikasoma na la kulia. Safi. Nikaziba la kulia. Maneno ya katikati yapo, ya pembeni hayapo. Sisemi yana ukungu, nasema hayapo. Nikainua uso kutazama ukuta, nusu ya miwani zangu hazipo. Nikajua nimeibiwa. Kweli tena, nilichungulia nje kumtafuta mwizi! Nikafungua macho yote mawili, miwani zote zikarudi mahali pake.

Nikajidanganya siku nne, nikisema ni vumbi. Siku ya tano mke wangu akanikokota mpaka kliniki ya macho. Wakanipuliza upepo machoni, wakanimulika, wakaniambia ni presha ya macho. La kushoto limeshaliwa upande, na kilicholiwa hakirudi. La kulia limeanza kuguswa. Nimepewa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote, ili kinachobaki kibaki. Nikamwambia nesi basi angalau nitakuwa namwona mama mkwe nusu. Hakucheka.

Nikamuuliza maswali mpaka akasema, "Wewe ni muuza miwani au mwandishi wa habari?" Nilimwambia baba yetu alipofuka, ila yeye alikuwa mchomeleaji, kila mtu mtaani alisema ni zile cheche. Sisi tukaitikia. Halafu palepale nikamkumbuka shangazi. Shangazi alishona mashuka maisha yake yote, hakuwahi kushika hata nyundo, naye alimalizia kupapasa ukuta. Yeye alichomwa na cheche gani? Miaka yote hiyo tulikuwa na watu wawili vipofu katika ukoo mmoja, na hatukuwahi kuuliza swali dogo hivyo.

Nesi akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Akaniuliza, "Una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye mmoja, kaka yangu."

"Anafanya kazi gani?"

Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Nikamwambia anaendesha lori. Akaacha kuandika, akanitazama.

Sasa nakuja kwenye lililonikosesha amani. Mimi ndiye niliyekukaririsha zile herufi kwa simu. Kila ulipokwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni ulinipigia, "Dokta, nipe mchezo," nami nakusomea, maana karatasi yao na yangu ni mapacha. Mara tatu, kaka. Tulicheka mara zote tatu. Umepimwa masikio miaka yote hii, na mimi ndiye niliyekupa majibu.

Halafu nikaanza kukumbuka hadithi zako. Kioo cha pembeni kilichovunjika, ukasema ukuta ulikusogelea. Kikavunjika tena. Nguzo ya geti la ghala. Na juzi yule mtu wa baiskeli, ukasema alitokea hewani, ukamkosa kwa kidole. Vyote upande wa kushoto. Kaka, watu hawatokei hewani. Alikuwepo.

Shuleni mwalimu aliimba, tukaimba, na aliyepaza sauti kuliko wote ndiye aliyeitwa mwenye akili. Nikadhani kujua ndiko huko. Karatasi yangu nimeibandua. Sasa kila mteja anasoma kitu asichokijua, jicho moja moja, na wa kwenye benchi nimewageuza watazame barabara. Anayeona nusu ukurasa simuuzii miwani, namwelekeza kliniki. Fundi viatu anadai nimlipe ada ya ualimu.

Fanya hivi leo. Mwambie shemeji akae mbele yako, mtazamane usoni. Ziba jicho moja. Yeye anyooshe mkono pembeni, atikise vidole bila kukwambia, ausogeze polepole kuja katikati. Wewe useme umeviona lini. Usimwibie kwa kuugeukia mkono! Hicho si kipimo cha hospitali, ni cha kukuondoa kwenye ubishi. Hata ukiviona vyote, nenda wakakupime presha.

Mpaka hapo, usiliguse lori. Najua ni mkate wenu. Najua tajiri wako hana subira. Lakini naamka kila asubuhi, kabla sijamsalimia mke wangu naziba jicho hili, naziba lile, kuona kama dunia bado ipo. Halafu nakuona wewe uko barabarani, na mtu wa baiskeli mwingine yuko kushoto kwako. Nikasirikie. Nitukane kwa maandishi, kurasa kumi, nitayasoma matusi yote kwa jicho la kulia. Ila funguo mpe shemeji.

Mama anakusalimia, hajui, usimwambie kabla yangu. Mke wangu pia anakusalimia. Nisalimie shemeji, nisalimie wanao wote, na yule binti wa mwisho anayewachosha kwa "kwa nini, kwa nini", naomba mtu asimnyamazishe.

Mungu akulinde barabarani. Hapana, nimekosea. Mungu akulinde ukiwa umekaa nyumbani.

Mdogo wako akupendaye na kukuogopea,

Dokta wa Ukutani