Mikono Yetu Ndani ya Nyaseme

Ijumaa. Mawingu yamejaa juu ya ziwa na mvua haitaki kunyesha. Nimenawa mikono tangu mchana na bado nainusa.

Chuo chetu cha utabibu wa mifugo kina ukarimu wake. Mlete ng'ombe wako Jumanne, atatibiwa bure. Kisha darasa zima litajifunzia kwake, na hilo hatulitangazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumanne hii aliyekuja ni Mama Atieno, mjane wa upande wa Ahero, kunakofurika kila masika, na ng'ombe wake wa pekee wa maziwa. Anamwita Nyaseme kwa sababu alimnunua kule Seme. Shida ilikuwa chuchu moja iliyovimba, basi. Lakini Daktari anayetufundisha aliliona lile tumbo akafurahi. Mimba kubwa. Akatupanga foleni.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Niliingiza mkono kwa njia ya haja kubwa, nikapapasa mpaka nikagusa kwato ndogo. Nikaibana. Ndama akavuta mguu. Nilicheka peke yangu, nikamwambia Mama kwamba mtoto yuko mzima, naye akapiga makofi.

Wakafuata wengine, wenye haraka na wenye kujionyesha. Nyaseme akawa anajikamua na kuguna, kisha akapiga magoti. Wakamwinua kwa kumkunja mkia. Glavu moja ikatoka na damu, na mwanafunzi aliyeivaa akauliza kama tuache.

"Damu kidogo haiui ng'ombe," Daktari akasema. "Haya, mwingine."

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Tulitaka alama zetu.

Leo Mama amerudi peke yake. Nyaseme ametupa mimba, na tangu hapo hali wala hasimami. Daktari alimpa pole nyingi, akamweleza kwamba maji ya mafuriko yana magonjwa, kisha akamkemea kwa kumnywesha mnyama mwenye mimba maji kama hayo.

Mama akaomba msamaha.

Nilimsindikiza mpaka langoni, nikitumaini atanyamaza.

"Nyathina, mwanangu, ni wewe uliniambia iko mzima," akasema. "Sasa ilikufa aje?"

"Ni maji, Mama."

Ulimi wangu haukuteleza hata kidogo. Alinishukuru, akanishika mkono, huu huu. Akasema Jumanne atamleta mtamba wake ambaye hajazaa bado, ndiye aliyebaki. Ana mimba changa, na anataka tumpime mapema kabla maji hayajamharibia na huyo. Daktari amefurahi sana, maana mimba changa darasa letu halijawahi kuigusa.

Mimba changa huharibika kwa kubanwa vibaya mara moja tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo.

Najichukia, lakini kujichukia hakumsaidii mtamba. Namba ya Mama ninayo, maana ni mimi niliyemwandikisha. Na simu iko mkononi.

Ndiyo hii ninayoandikia haya, badala ya kumpigia.