Mkate Kutoka Mkononi mwa Mkwe

Kalamba, Makueni
Tarehe 9 Desemba, 1993

Kwako dada yangu Waringa, Mama Wanjiro,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema, wewe na Baba Wanjiro na yule mjukuu wa mashavu mliyenitumia picha yake. Je, goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Murang'a? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila macho tu. Siku hizi kutia uzi kwenye sindano ni mpaka nimwite mtu. Mvua imetukumbuka, mahindi yamefika magotini na ndengu zimeanza kutoa maua, na mwaka huu sina la kulalamika. Usicheke. Najua hujawahi kunisikia nikisema hivyo.

Uliniandikia kwamba umesikia kwa Evanson Waithaka habari za makasisi wapya, na ukaniuliza mbona mimi nimenyamaza. Sikunyamaza kwa ubaya. Nilitaka nipate siku ya kukaa na kuandika bila mtu kuchungulia begani, kwa sababu kuna neno moja humu ndani ambalo ni lako peke yako. Lakini wacha nianze na sherehe.

Walikuwa watu wanne, na haki ya Mungu hakuna hata mmoja aliyeanza maisha akifikiria kuvaa kola. Evanson unamjua, si ndiye aliyekuwa akitupimia misumari pale dukani kwake Sultan Hamud? Duka amemwachia mwanawe. Bado anahubiri kama mtu anayekuuzia mabati, na watu wanapenda. Wa pili ni Nzioka, aliyekuwa askari jela hadi alipostaafu. Askofu alipowaambia wapige magoti, wenzake walishuka polepole, yeye akashuka papo hapo kama aliyepewa amri, watu wakaangua kicheko hata Askofu akacheka. Wa tatu ni Kavata, mkunga wa zahanati. Wazee wawili watatu walikuwa wamenung'unika kwamba mwanamke hawezi kusimama pale. Kumbe watoto wa kwaya waliosimama kuimba, karibu wote ni yeye aliyewapokea duniani, na mama zao walipiga vigelegele mpaka hao wazee wakaona heri wapige makofi. Na wa nne, Mama Wanjiro, ni makanika wa Mbumbuni, Kisilu, mume wa Mumbua wangu.

Sasa hapo ndipo maneno yalipo. Unakumbuka nilipokuwa nashona kwenye veranda ya duka lako la vitambaa huku kwetu, kabla hamjahamia Murang'a, na Kisilu akija kununua kitu mimi naruka kujificha nyuma ya majora, nawe unanicheka mpaka unashika mbavu? Nilikueleza kwamba kwetu Wakamba mama na mkwe wake wa kiume wana nthoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Nikimwona njiani ninashuka kando na kujifunika leso mpaka apite, na yeye pia anageuza uso. Nikiwa na neno lake ninamwambia Mumbua, na Mumbua anampelekea. Ziko familia zinazoiondoa kwa karamu ndogo, wazee wakikaa na kukubaliana. Sisi tulikuwa tunaipanga, kisha mume wangu Muli akaugua, akatutoka, na jambo lenyewe likakosa mwenyewe.

Wewe ulikuwa ukiniambia nimeokoka na bado nakimbia mkwe. Kweli nimeokoka, lakini hii si dhambi ya kutubu, ni adabu. Mama yangu aliishika mpaka akazikwa nayo.

Hata kanzu ya Kisilu niliishona kwa nthoni. Mafundi ni wengi lakini nilisema mkwe wangu hatavaa kanzu ya mtu mwingine nami nina cherehani. Tatizo ni kumpima. Utampimaje mtu ambaye huwezi kumsogelea? Nikamwambia Mumbua aniletee nguo yake ya kazi nipimie hiyo. Akaniletea ovaroli ya gereji. Nikapima kwa makini sana, nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Nilichosahau ni kwamba makanika hununua ovaroli kubwa ili avae juu ya nguo zingine na apate kujikunja chini ya lori. Ee Waringa! Kanzu ile ingemtosha Kisilu pamoja na Nzioka. Siku ya sherehe alitembea ameishika mbele kwa mikono miwili kama mama anayevuka tope, na hakuthubutu kuvaa nyingine kwa sababu ni mimi niliyeishona.

Wakati wote akisoma yale masomo ya kanisa, akitoka chini ya magari na kufungua vitabu vyake jioni, mimi nilikuwa nikifurahi tu. Mwaka aliokuwa shemasi alikaa Kikima, mbali nami, kwa hiyo akili yangu ililala. Ndipo Mumbua akaja siku moja uso umemwanguka. Akaniambia Askofu ameamua kwamba Kisilu akishawekewa mikono atakuwa kasisi wa hapa hapa Kalamba. Nikaanza kupiga vigelegele, naye akaniuliza taratibu, je, mkate wa Meza ya Bwana utaupokea mkononi mwa nani? Nikakaa chini.

Unaujua ushirika wetu. Unapiga magoti, unanyoosha mikono, kasisi anakuja mbele yako, anakuwekea mkate kiganjani, macho yake na yako. Ni mkono wa Kisilu na mkono wangu. Na nisipoupokea kwake nitaupokea wapi, mimi niliyekula Meza hiyo tangu nikiwa msichana?

Mumbua alisema kwamba mumewe naye amekosa usingizi. Alikuwa ameshamwendea Askofu na kumwomba ampeleke mbali, hata kule Kitui ya ndani, ili asije akamnyima mama mkwe wake Meza ya Bwana. Askofu akamjibu kwamba watangoja waone siku ya sherehe itakwendaje, na kama mimi sitaweza, basi atamhamisha. Wangeenda wote, Kisilu na Mumbua na wajukuu wangu. Nikawa nimebanwa kote kote. Nikishika nthoni nawapoteza watoto, na nikiiacha, mama yangu ananiangalia kutoka kaburini.

Wanawake wa Umoja wa Akina Mama walinishauri mpaka kichwa kikauma. Mmoja alisema nifumbe macho. Mwingine akasema niwe naenda ushirika Mbumbuni, kana kwamba miguu hii ni ya msichana. Kavata ndiye aliyekuja na shauri lenye akili. Akasema siku ya sherehe makasisi wapya watasaidia kugawa, yeye atakuwa upande wa kushoto na Kisilu wa kulia, kwa hiyo mimi nikae kushoto na akina mama, nipokee kwake, siku ipite kwa amani. Na baadaye atakuwa akija Kalamba mara moja moja kwa ajili yangu. Nilimshukuru. Lakini nilijua hiyo ni kuziba tu, na Askofu naye angejua.

Basi siku ikafika. Kanisa lilikuwa dogo kwa umati ule, tukatandaziwa turubai nje. Mzee Mutunga ndiye aliyekuwa akielekeza watu, kiti kwa kiti, nani aende upande gani. Unamkumbuka? Ni yule aliyewahi kumkalisha bwana harusi pamoja na wasimamizi wa bibi harusi. Zamu yetu ilipofika tukasimama, watu wakawa wengi, na nilipopiga magoti na kuinua macho nikaona pindo la kanzu kubwa niliyoishona mwenyewe. Nilikuwa mbele ya Kisilu.

Kwaya iliimba lakini watu walinyoosha shingo, maana kila mtu alijua. Kisilu alisimama pale kidogo. Kisha akaniwekea mkate mkononi nikaula, akapita kwa mwingine. Hakuna aliyeanguka, wala mbingu haikupasuka. Nilipogeuka nikaona Mumbua analia na Askofu ametazama chini akitabasamu. Juma lililofuata neno likaja kwamba Kisilu anabaki Kalamba. Watu wote wanasema ni Mungu aliyetumia makosa ya Mutunga. Mutunga mwenyewe alikuja nyumbani kuniomba msamaha, na papai kubwa chini ya kwapa.

Sasa, Waringa, ukiwa na mtu karibu, kunja barua hii umalizie baadaye.

Mutunga hakukosea. Alinielekeza kushoto, tena kwa mkono wake wote, na wenzangu wakaenda kushoto. Ni mimi niliyekata kulia kwa miguu yangu. Papai lake nimelila na sikusema kitu.

Nikwambie kwa nini. Muli alipozidiwa, ule mwaka wa mafuriko, pikapu ya Kisilu ilifika mtoni ikashindwa kuvuka. Kisilu akashuka, akavua viatu, akambeba mume wangu mgongoni kama mtoto, maji yakamfika kifuani, akavuka naye. Ng'ambo akatafuta gari lingine. Na daktari aliposema hakuna tena la kufanya, Kisilu alimrudisha vile vile, akambeba tena, ili Muli afie kitandani pake akisikia sauti za watoto wake. Mimi nilikuwa nyuma yao mtoni, nimeshikwa mkono na Mumbua, na hata siku ile, Waringa, hata siku ile nilikuwa nimejifunika leso usoni. Alichimba kaburi kwa mikono yake. Nami sikuwahi kumwambia asante. Nilimtuma Mumbua, ndiyo, lakini kuna asante ambayo haitumwi.

Nilipokuwa kwenye mstari niliwaza hivi. Duniani hakuna mahali mimi na mtu huyu tunaweza kuwa uso kwa uso bila kuvunja adabu, ila pale. Pale mezani mimi si mama mkwe na yeye si mkwe. Nikikosa leo nitakufa sijamwambia. Ndipo nikakata kulia.

Nikainua uso nikamtazama. Miaka yote hii nilikuwa namjua kwa viatu na kwa sauti ya gari lake, na Kisilu wa kichwani mwangu alikuwa ni yule kijana aliyekuja kumposa Mumbua. Kumbe ameota mvi, dada yangu. Ana mvi hapa na hapa, na mikunjo chini ya macho, na hakuna aliyeniambia. Akasema maneno yake, mwili wa Bwana wetu, akaniwekea mkate. Nami nilipotakiwa kusema Amina, mdomo wangu ukasema, Asante, mwanangu, asante kwa kumvusha Muli.

Alibaki ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kiganja changu, mgumu, na ile grisi isiyotoka kwenye kucha. Kisha akasema Amina yeye mwenyewe, kwa niaba yangu, ndipo akapita.

Hakuna aliyesikia, kwaya ilikuwa juu. Je, nilikosea kusema neno langu mahali pa neno la ibada? Nijibu bila kunipamba. Njiani bado nashuka kando na kujifunika leso, na yeye bado anageuza uso, na sisi wote tunaona ni sawa. Lakini Jumapili nakaa upande wa kulia.

Evanson akipita kwenu usimwambie, atalifanya hubiri. Na mimi nitamwendea Mutunga nimwambie ukweli, maskini, kabla hajaleta papai lingine.

Nisalimie Baba Wanjiro na Wanjiro na yule wa mashavu. Mumbua anakusalimu, wajukuu wanakusalimu, na kasisi wetu pia anakusalimu. Salamu zake nimeletewa na Mumbua. Chunga goti lako, na Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Syombua wa Muli