Vidonge vya Somoe Si vya Ukoo

Hospitali ya kifua, nje ya Livapuli

Kwa mama yangu mpenzi, kijijini Mpapura.

Shikamoo mama. Mimi mwanao Issa nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, na natumaini miguu yako imeacha kuuma na mikorosho imechanua vizuri. Ukiuliza habari zangu, desturi inanitaka niseme mimi mzima wa afya. Sitasema hivyo, maana bado niko kitandani. Lakini homa imenitoka, nimenenepa mpaka shati langu la melini halifungi, na nesi ameniahidi nikiendelea hivi nitaruhusiwa kutembea bustanini. Kwa mtu aliyeshushwa melini akitema damu, si haba.

Mwalimu Bakari, wewe unayemsomea mama barua zangu, shikamoo nawe. Leo nina ukali kidogo, kwa hiyo tafadhali usiruke mstari wala usilainishe neno.

Mama, barua yako nimeipata. Nilifurahi kusikia mdogo wangu Somoe amepelekwa hospitali huko mjini, na kwamba amepewa sindano na vidonge kama hivi ninavyomeza mimi. Kisha nikafika pale uliponieleza, tena kwa furaha, kwamba vidonge mmevigawa. Mjomba alisema kitu kikiingia nyumbani ni cha ukoo, akachukua vyake kwa ajili ya kikohozi chake. Mtoto wa jirani yenu Bi Fatu akapewa vyake. Somoe akaachiwa vilivyobaki. Ukamalizia kwamba kutoa ni moyo. Na mstari uliofuata ukasema Somoe ametema damu tena. Uliyaandikisha mambo hayo mawili yakiwa yamegusana, na hukuona kwamba moja limezaa jingine. Mimi niliona, mama, na nililia mbele ya Wazungu.

Sasa nisikilize. Kitanda cha pembeni yangu analala Bwana Alani, Mwingereza mwenye ugonjwa huu huu wetu. Kabla ya kuugua alikuwa fundi katika kiwanda cha dawa. Nilimwuliza vidonge hivi vina nini ndani, nikitegemea anitajie mizizi. Alichukua njiti sita za kiberiti akazipanga mezani, ncha kwa ncha, zikawa pete. Akasema kila pembe ya pete ina chembe ndogo isiyoonekana kwa jicho. Pembe tano ni kaboni, kitu kile kile kilichomo kwenye mkaa. Kwenye pembe ya sita aliweka kifungo cha pajama yake, akasema hiyo ni naitrojeni, ambayo imejaa kwenye hewa tunayoivuta kila siku. Chembe hiyo moja tu, alisema, inaipa pete tabia nyingine kabisa. Pete hiyo, ikiwa imebanana na mwenzake, imo ndani ya kwinini uliyokuwa ukininywesha huku umenibana pua. Imo pia katika kitu fulani cha ndani ya karanga, ambacho mwili ukikikosa unaugua. Hapo nilicheka, nikamwambia kwetu Mtwara imejengwa bandari nzima kwa ajili ya karanga.

Kazi ya mafundi wa dawa, kwa maelezo yake, ni kuishika pete kama hiyo na kuibadilishia mkia. Ikipewa mkia huu inakuwa chakula cha mwili, ikipewa ule inakuwa sumu ya vijidudu vya kifua. Wanajaribu mikia mingi, na mingi haifai kitu. Hii dawa yetu iliwahi kuundwa zamani, kabla mimi sijazaliwa, na watu wa chuo waliokuwa wanatafuta shahada tu. Hakuna aliyejua inafaa nini, ikasahauliwa, na juzijuzi ndipo ikajulikana kwamba inatibu kifua kikuu. Fikiria waliokufa katika miaka yote hiyo, baba akiwa mmoja wao. Nilikasirika hata chakula cha jioni sikukigusa.

Nilipomweleza Bwana Alani habari za Somoe, hakucheka.

"Nusu ya dawa haiponyi nusu ya ugonjwa," alisema. "Inawafundisha vijidudu kuizoea. Wakishaizoea, hata ukimpa gunia zima haitamsaidia."

Na usidhani nasema tu kwa kuwa niko mbali. Salehe wa Adeni, tuliyechochea naye makaa chini melini, naye ameletwa wodi hii. Daktari alikuwa bado hajamwandikia dawa, basi Salehe akaniomba vidonge vyangu viwili. Tumekula sahani moja na yule bwana mwaka mzima. Nilivimeza vyote huku ananitazama, akaniita mchoyo. Kisha nikamsumbua nesi mpaka daktari akaja. Sasa Salehe ana vyake, na ameanza tena kuitikia salamu yangu.

Mjomba, shikamoo. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na neno lako sijapata kulivunja. Hili nalivunja. Kikohozi chako ni cha tumbaku, na ukibisha panda lori uende ukapimwe. Mtoto wa Bi Fatu naye apelekwe upesi, akionekana mgonjwa atapewa vyake mwenyewe. Somoe arudishwe kwa daktari aambiwe ukweli wote, kwamba hakuwa akimeza kama alivyoagizwa, na msione haya kusema ni kwa nini. Baada ya hapo kila kidonge atakachopewa kiingie kinywani mwake. Muhogo gawaneni, samaki gawaneni, hata nguo zangu nilizoziacha gawaneni. Mkisema nimegeuka Mzungu, semeni. Mkisema sina adabu, nitakuja mwenyewe kuomba radhi, na Somoe awepo anisikie nikiomba.

Mwalimu Bakari, simama hapa. Usiendelee kusoma. Somoe aitwe, aletewe maji, ameze vidonge vyake vya leo, vyote, mbele ya mama na Mjomba, na mtu yeyote asinyooshe mkono. Ninangoja.

Akishameza, endelea. Nisalimie mama mdogo aliyenifungia muhogo mkavu siku ya safari. Nisalimie shemeji yangu, mume wa Somoe, ambaye nasikia watu walimshauri amwache na akakataa. Mwambie nimemwongezea heshima. Nisalimie Bi Fatu, ingawa huenda leo hataki salamu yangu. Mjomba nimekwisha kumwamkia, na bado nampenda. Wewe mama, nakubusu mikono.

Na kama Somoe hajameza, salamu hizi si zenu bado. Mwalimu, rudi mwanzo uisome tena.

Mimi mwanao niliyekukatalia,
Issa